Simon Nkoli na Kura ya Wanafunzi

Miongoni mwa wanaharakati waliochipukia katika vyama vya wanafunzi vya Afrika Kusini, Simon Tseko Nkoli ana nafasi ya pekee. Alipigana vita viwili kwa wakati mmoja: dhidi ya ubaguzi wa rangi, na dhidi ya ubaguzi wanaotendewa watu wapendao wa jinsia yao. Aghalabu vita hivyo hutazamwa kama mambo yasiyohusiana. Maisha ya Nkoli yanadhihirisha kwamba vilikutana, na kwamba mojawapo ya mahali vilipokutana mapema ni katika mkutano wa wanafunzi.

Nkoli alizaliwa Soweto tarehe 26 Novemba 1957. Sehemu ya utoto wake aliishi na babu na bibi yake katika mashamba ya Orange Free State, na baadaye makao yake yakawa Sebokeng, kusini ya Johannesburg. Alipowafahamisha jamaa zake kwamba anampenda mwanamume mwenziwe, tena Mzungu, alipelekwa kwa waganga ili atibiwe. Tiba hiyo haikumbadilisha.

Nkoli alikuwa katibu wa tawi la Transvaal la COSAS, chama cha wanafunzi kilichoundwa mwaka 1979 na kupigwa marufuku na serikali ya Makaburu mwaka 1985. Habari zake zilipojulikana, wanachama walijadili iwapo mtu wa namna hiyo anafaa kuendelea na uongozi. Hatimaye suala lilipigiwa kura, na wengi wakaamua abaki. Uamuzi huo ulikuwa na uzito mkubwa. Wanafunzi hao hawakuwa na mfano wa kuiga katika vyama vya ukombozi vya siku zile, na baadhi yao waliuona ushoga kuwa jambo la kigeni. Hata hivyo, walimpima katibu wao kwa kazi yake.

Mwezi Septemba 1984, kufuatia machafuko yaliyotokana na kupandishwa kwa kodi za nyumba katika eneo la Vaal, Nkoli alikamatwa. Yeye na wenzake 21, wakiwamo Popo Molefe na Patrick Lekota, walishtakiwa kwa uhaini katika kesi iliyojulikana kwa jina la Delmas. Adhabu ya kosa hilo ingeweza kuwa kifo. Humo gerezani alijitambulisha waziwazi, na mjadala wa COSAS ukazuka upya kwa ukali zaidi. Baadhi ya washtakiwa walihofu kwamba upande wa mashtaka ungeitumia habari hiyo kuwaumbua, wakataka kesi yake itengwe. Baada ya majadiliano marefu walikubali kusimama naye. Kwa upande mwingine, chama cha mashoga cha GASA, ambacho wanachama wake wengi walikuwa Wazungu, hakikumtetea, kwa hoja kwamba hakijihusishi na siasa. Kwa hiyo, waliomkinga walikuwa wapigania uhuru wenzake, si wale waliodhaniwa kuwa wa jamii yake.

Nkoli aliachiwa huru mwaka 1988. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha GLOW, chama kilichowaunganisha watu wa rangi zote, na ambacho mwezi Oktoba 1990 kiliandaa maandamano ya kwanza ya aina yake nchini humo, katika mitaa ya Johannesburg. Aidha, alikuwa miongoni mwa waasisi wa muungano wa kitaifa wa mwaka 1994 uliotetea usawa katika uandishi wa katiba. Katiba ya mwaka 1996 ilikataza bayana ubaguzi unaotokana na mwelekeo wa mapenzi. Lekota alikiri baadaye kwamba kuishi na Nkoli gerezani kulichangia kuibadili mitazamo ya viongozi.

Nkoli alifariki kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998, wiki chache baada ya Mahakama ya Katiba kuzifuta sheria zilizoyafanya mapenzi ya wanaume kuwa jinai. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 41. Historia ya haki hizo huanzishwa, kwa kawaida, na katiba na mahakama. Katika maisha ya Nkoli zilitanguliwa na vijana wa shule waliokataa kumtenga mwenzao, wakati ambapo hakuna sheria iliyowalazimisha kufanya hivyo.