John Woolman: Fundi wa Nguo Aliyeogopa Haki za Watu

Tulipokuwa chuoni, walimu wetu walitufunza kuwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake husameheka kwa toba, bali haki ya mwanadamu ni deni, haliondoki mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Funzo hili ni jepesi mtu afikiripo wizi na mauaji. Uzito wake huja katika mambo madogo ya kila siku: nguo tuvaayo, sukari tutiayo katika chai, na karatasi tuandikayo kwa kuwa tajiri ametuamuru.

Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hakuwa wa dini yetu, lakini aliiogopa haki ya mwenziwe kuliko wengi wetu. Jina lake ni John Woolman. Alizaliwa mwaka 1720 karibu na mji wa Mount Holly, katika New Jersey, wakati huo koloni la Waingereza, leo ni sehemu ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kikristo yaitwayo Marafiki, au Wakweka. Watu hawa tunao hapa Kenya, kwani walifika Kaimosi mwaka 1902. Katika ibada yao ya asili hakuna kasisi. Hukaa kimya, kila mmoja akisikiliza moyoni mwake, kwa itikadi kuwa Mungu ameweka nuru ndani ya kila mtu.

Funzo la kwanza Woolman alilipata kwa ndege. Siku moja, angali mtoto, alimwona ndege mdogo akiruka huku na huku kwa kuwachelea makinda wake. Akamrushia mawe mpaka akamwua. Kwanza alifurahi, kisha kicho kikamwingia: kiumbe asiye na kosa amekufa, na makinda wake watakufa njaa. Akapanda mtini, akawaua makinda wale wasiteseke. Jambo hilo hakulisahau, na baadaye aliliandika katika kitabu cha maisha yake.

Alipokuwa kijana aliajiriwa dukani Mount Holly. Mnamo mwaka 1742 tajiri wake alimwuza mtumwa wake mwanamke, akamwamuru Woolman aandike hati ya mauzo. Mnunuzi alikuwa pale akingoja, naye ni mzee wa madhehebu yao wenyewe. Woolman alikuwa mtu wa kulipwa mshahara, na amri ilikuja ghafula. Akaandika. Lakini aliwaambia wote wawili kuwa yeye haoni kumiliki watumwa kuwa ni jambo linalopatana na dini yao. Hata hivyo moyo haukutulia, maana kusema ni kusema, na hati ilikuwa imekwisha andikwa kwa mkono wake.

Tangu hapo alijihadhari na kalamu yake. Jirani mmoja aliyeumia alimwita amwandikie wasia. Woolman akaandika yote ila sehemu ya mtumwa msichana. Alimweleza mgonjwa kwa upole kuwa hiyo hawezi kuiandika. Wakazungumza, na mwisho jirani akakubali kumwacha huru. Ndipo Woolman akaumaliza wasia.

Mwenyewe alikuwa na duka, na biashara ikanawiri. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaongeza bidhaa. Yeye aliogopa kuwa mali inamfunga, akaipunguza kidogo kidogo mpaka mnamo mwaka 1756 akaliacha duka, akabaki na ushonaji wa nguo na bustani ya matofaha. Ilimtosha yeye, mkewe Sarah na binti yao.

Alisafiri sana kuwaona wenye watumwa. Hakwenda kuwatukana, alikwenda kukaa nao na kuzungumza nao nyumbani mwao. Katika safari ya mwaka 1757 kwenye majimbo ya kusini aliona taabu ya kula chakula kilichopatikana kwa jasho la mtu asiyelipwa. Basi akawa akiondoka huacha fedha kwa ajili ya watumwa waliomtumikia. Mwenyeji alitahayari, na Woolman mwenyewe alitahayari, lakini alilipa.

Baadaye aliacha kula sukari ya visiwa vya Karibi, kwa kuwa ililimwa na watumwa. Akaacha na nguo zilizotiwa rangi, akavaa kitambaa kama kilivyotoka kwa mfumaji, hata kofia. Watu walimcheka, na baadhi ya ndugu zake wa dini walimwona ana kichaa.

Mwaka 1772 alivuka bahari kwenda Uingereza. Alikataa chumba cha abiria kilichonakshiwa, akalala chini ya merikebu pamoja na mabaharia, akajionea dhiki yao. Alipofika huko alikwenda kaskazini kwa miguu, kwani magari ya farasi yalikuwa yakikimbizwa mno hata farasi wakafa, na vijana waendeshaji wakaumia kwa baridi. Alipofika mji wa York alishikwa na ndui, akafa tarehe 7 Oktoba 1772, akiwa na umri wa miaka 51.

Hakuuona mwisho wa kazi yake. Lakini mwaka 1776 Marafiki wa Philadelphia na jirani zake waliharimisha mtu wao yeyote kumiliki mtumwa. Kazi hiyo aliifanya pamoja na wengine, na hakuna aliyelazimishwa naye kwa upanga.

Sisi watu wa pwani tusiyasome haya kana kwamba ni ya mbali. Mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na sheria haikuuondoa utumwa katika pwani yetu ya Kenya mpaka mwaka 1907. Waliokuwa mabwana wengi walisali, wakafunga, wakatoa zaka. Ibada ilikuwapo, na haki ya mja ikabaki shingoni. Wala jambo hili halikuisha na watumwa. Mtumishi wa nyumbani ambaye mshahara wake hucheleweshwa miezi, na kibarua anayepunjwa ujira, wana haki ile ile. Woolman hakungoja sheria imwambie. Alitazama kofia yake, sahani yake na kalamu yake, akauliza ni nani aliyeumia. Swali hilo twaweza kuliuliza jioni hii, kabla ya kukaa kula.