Dakta Livingstone na Chakula cha Mgonjwa

Mwenye afya ni mwepesi wa kumhukumu mgonjwa. Akimwona ndugu yake ameacha ugali na kuomba uji, husema anachagua chakula. Akimkuta amelala mchana, husema ni mvivu. Hukumu hii husikika sana nyumbani mwetu, hasa juu ya mtu ambaye ugonjwa wake hauishi, na ambaye tumbo lake halipokei chakula cha wenzake. Tuyatazame basi maisha ya mtu mashuhuri aliyehukumu hivyo siku za nguvu zake, kisha akaja kuyaonja yeye mwenyewe.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, nchi ya Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha pamba. Alijisomesha usiku, akawa daktari na mmisionari wa Kiprotestanti, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Aliugua homa mara nyingi, lakini alimeza vidonge alivyovitengeneza mwenyewe kwa kwinini na dawa za kusafisha tumbo, akaendelea na safari. Kwa hiyo alisadiki kwamba kazi na mwendo hushinda homa.

Katika safari ya mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, alikosa uvumilivu kwa wenzake waliougua. Mwaka 1859 alimfukuza Richard Thornton, kijana mtaalamu wa mawe, akimhesabu kuwa mvivu, kumbe kijana yule alikuwa akisumbuliwa na homa. Na Thornton hakuwa mvivu, maana mwaka 1861 alikuwa Kilimanjaro pamoja na Baron von der Decken, wakijaribu kuupanda mlima ule. Baadaye alirudi kwa Livingstone, akafa huko mwaka 1863.

Zamu ya Livingstone nayo ilifika. Alishikwa na kuhara kusikokoma, na bawasiri iliyomtoa damu nyingi. Alipokuwa Uingereza mwaka 1864 alikataa kupasuliwa, kwa kuwa hakupenda habari za ugonjwa huo zienee katika magazeti. Hata mtu jasiri namna ile alishindwa na haya, na ugonjwa ule alirudi nao Afrika.

Safari yake ya mwisho aliianza karibu na mto Ruvuma mwaka 1866. Alichukua mbuzi wa maziwa, maana maziwa kidogo yalimtia nguvu. Karibu na mwisho wa mwaka ule mbuzi wake wanne walipotea, akabaki na uji mgumu usio na ladha, ambao tumbo lake halikuuweza. Mwezi wa Januari 1867 sanduku lake la dawa likaibwa, naye akaona kama amekatiwa hukumu ya kifo. Mwaka 1869 alichukuliwa machelani mpaka Ujiji, hoi kwa ugonjwa wa mapafu. Aliyemtunza njiani ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Livingstone aliichukia biashara ile kwa moyo wote, lakini alipokea dawa na chakula mkononi mwa mtu yule, naye akamshukuru.

Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alikuwa amekonda, na meno mengi yalikuwa yamemtoka kwa kutafuna mahindi magumu. Baada ya siku chache za kula vizuri nguvu zikamrudia. Mwaka 1872 wakafika Kwihara, karibu na Tabora, ambako msomaji wa Bugarama hufika akishika njia ya kusini kupitia Kahama. Hapo Livingstone alingoja wapagazi hadi mwezi wa Agosti. Mpishi wake alikuwa mwanamke aitwaye Halima. Livingstone alimthamini hata akakusudia kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Alikwisha kutambua kwamba uhai wake umo katika mikono ya yule anayempikia.

Aliondoka Kwihara na ng'ombe wa maziwa, lakini wakafa njiani. Katika mabwawa ya Bangweulu damu ilimtoka mfululizo, wenzake wakawa wanambeba. Tarehe 27 Aprili 1873 aliandika katika daftari yake kwa mara ya mwisho. Maneno yalikuwa machache: kwamba amechoka kabisa, na kwamba ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Watu walikwenda, wasipate. Siku chache baadaye, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua hadi pwani. Mwezi wa Februari 1874 ulilazwa usiku katika misioni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, Bagamoyo, kisha ukapelekwa kuzikwa London.

Wasomaji wapenzi, mtu huyu hakuwa mlegevu, wala hakuwa mchaguzi wa chakula. Alivuka Afrika, na bado uhai wake ulitegemea kikombe cha maziwa ya mbuzi. Wala tusifikiri kwamba maziwa ni dawa ya kila mtu, kwani yaliyomtia nguvu yeye humvuruga mwingine tumbo. Wajibu wetu ni kumwuliza mgonjwa wetu ni kitu gani mwili wake unakipokea, kumsadiki anapojibu, na kumpeleka hospitali mapema pasipo kumwaibisha. Ikiwa chungu chake kinapikwa peke yake, kipikwe bila manung'uniko. Wale watu wa Livingstone walizunguka vijiji wakitafuta mbuzi, wakarudi mikono mitupu. Wengi wetu hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho.