Huygens, mzee wa saa aliyeanza na tairi

Wadau wa PCM mnaosumbuliwa na derivativu ya pili ya parametriki, leo nawaletea Mholanzi mmoja, Christiaan Huygens, mzaliwa wa The Hague, 1629. Mimi form six nimemaliza, na bado huyu jamaa nampenda.

Kwao maisha yalikuwa safi. Baba mshairi na mwanadiplomasia, Descartes rafiki wa familia. Mwaka 1655 kijana akaugundua Titan, mwezi wa Zohali. Mwaka 1656 akabuni saa ya pendulumu.

Enzi hizo meli zilipotea na watu wakafa kwa sababu nahodha hakujua amefika wapi mashariki au magharibi. Saa isiyodanganya ingemwambia. Tatizo, pendulumu ikiyumba sana hutumia muda mrefu kuliko ikiyumba kidogo. Huygens akatafuta njia ambayo kitu kikiteremka, popote kianzie, kinafika chini kwa muda uleule. Desemba 1659 akaipata: saikloidi iliyopinduliwa. Saikloidi ni ule mstari unaochorwa na kokoto iliyonasa kwenye tairi la baiskeli inayotembea.

x = r(t − sin t), y = r(1 − cos t)

Derivativu ya kwanza: sin t/(1 − cos t). Kwa ya pili, wengi wananyambua y mara mbili, x mara mbili, wanagawanya. Jamani, hapana! Jaribu hivyo pale juu, t = π, uone unavyogawanya kwa sifuri. Chukua lile jibu la kwanza, linyambue kwa t, halafu ligawanye tena kwa dx/dt. Inatoka −1/(r(1 − cos t)²).

Sasa weka t = π: −1/(4r). Mteremko pale ni sifuri, kwa hiyo geuza tu namba, acha alama: 4r, nusu kipenyo cha duara linaloendana na mkunjo huo. Na 4r ndio urefu wa uzi wa pendulumu yake, ule uliojikunja kwenye vibao viwili vyenye umbo la saikloidi!

Yote hayo kwa jiometri tupu, akayachapisha Paris 1673. Kalkulasi ya Leibniz ilikuja baadaye, na Leibniz huyo Huygens ndiye aliyemnoa hisabati hapohapo Paris.

Baharini pendulumu haikutoboa, mawimbi yaliishinda. Longitudo ilikuja kupata saa yake karne ya 18, ya Mwingereza John Harrison, isiyo na pendulumu. Huygens alirudi The Hague mgonjwa mwaka 1681, akafariki 8 Julai 1695.