WILLIAM GROVE NA BETRI YA GESI

Stima ikipotea Nyeri au Karatina, wenye maduka huwasha jenereta zenye kelele na moshi. Kumbe njia safi zaidi ilijulikana zamani!

William Robert Grove alizaliwa mwaka wa 1811 mjini Swansea, Wales. Alikuwa wakili, lakini afya ilipomsumbua akageukia sayansi. Mnamo 1842 alieleza betri yake ya gesi. Alitia haidrojeni na oksijeni katika mirija yenye vipande vya platinamu, akaisimamisha ndani ya asidi. Gesi hizo ziliungana zikawa maji, na stima ikapita kwenye waya. Moto hakuna, moshi hakuna.

Wakati huo betri hiyo haikupata kazi. Grove akarudia sheria, akawa jaji mwaka wa 1871, akafariki 1896. Lakini mwaka wa 1969 betri za aina hiyo ziliwapa wanaanga stima na maji ya kunywa safarini mwezini. Leo huko Japani ziko hata majumbani.

Mbona kwetu bado? Haidrojeni haichotwi mtoni. Kuitengeneza kunakula nguvu na pesa nyingi. Fumbo ni hilo. Wanafunzi wenzangu wa sayansi, tulifumbueni. Haba na haba hujaza kibaba.