Mwalimu na Kura ya Mwaka 1980

Kila wakati wa uchaguzi hulitaja jina la Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Leo twapenda kukumbusha jambo moja la maisha yake lisilosimuliwa mara nyingi: jinsi alivyoomba kura wakati nchi ilipokuwa katika dhiki.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akafundisha katika shule zetu za Tabora na Pugu. Mwaka 1962 akawa Rais. Tangu uchaguzi wa 1965 mgombea urais alikuwa mmoja tu. Raia aliwekewa picha yake na kivuli, aseme ndiyo au hapana. Lakini kwa ubunge walishindana wawili, mmoja mwenye alama ya jembe, mwingine ya nyumba.

Ulipofika mwaka 1980, mizigo ilikuwa mingi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni. Na baadhi ya mipango yetu wenyewe haikuzaa matunda yaliyotarajiwa.

Katika vijiji kama Iguguno, mkoani Singida, watu hawakuhitaji vitabu vya Hazina ili wayajue hayo. Waliyaona dukani. Mkulima aliuza nafaka yake kwa bei iliyopangwa na Serikali, kisha akapanga foleni kutafuta sukari, sabuni na khanga, na mara nyingi akarudi mikono mitupu.

Siku ya kura, Oktoba 1980, Mwalimu alipata zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Lakini wabunge wengi waliotetea viti vyao waliangushwa. Wananchi hawakutaka kukichagua kivuli badala ya Baba wa Taifa. Basi uchungu wa foleni wakaumalizia kwenye jembe na nyumba. Ndivyo uchumi ulivyojipatia kura yake.

Miaka iliyofuata uhaba ulizidi. Mwaka 1984 Katiba iliwekewa ukomo, Rais asizidi vipindi viwili. Mwaka 1985 Mwalimu hakugombea tena, ingawa hakuna aliyeweza kumshinda. Alikiri hadharani kwamba makosa yalifanyika, akamwachia nafasi Ali Hassan Mwinyi, naye akarudi Butiama kulima. Mwaka 1986 Serikali mpya ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa masharti ambayo Mwalimu alikuwa ameyapinga. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Kanisa lamwita Mtumishi wa Mungu.

Twajifunza nini? Mtawala asijifiche nyuma ya wingi wa kura, kwani watu waweza kumpenda na huku wana njaa. Nasi wazazi wa Kikristo, kabla ya kupiga kura, tukae na watoto wetu tufanye hesabu: alizeti yetu yapata bei gani, zahanati ina dawa, kodi yetu imefanya nini? Anayegawa khanga na kilo ya sukari wakati wa kampeni tu anatutaka tuisahau hesabu hiyo. Siku hizi wagombea ni wengi, na kura yetu haina tena haja ya kupitia njia ya kuzunguka. Tuitumie kwa dhamiri safi.