Az-Zahrawi, Bingwa wa Upasuaji

Abul Qasim az-Zahrawi aliishi karne ya 10 karibu na Cordoba, Hispania. Kitabu chake At-Tasrif kina juzuu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, ngiri (henia) ikiwemo. Alisisitiza kwamba tabibu asiyejua maumbile ya ndani ya mwili asishike kisu, ataua mtu. Kinenani ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu, na utumbo huweza kusukumwa ukatokeza hapo. Alifariki karibu mwaka 1013, na Ulaya ikasomea kitabu chake kwa karne nyingi.

Basi kijana wa Tassia, ukiona uvimbe hapo, usione haya, nenda hospitali. Ukiwa mgumu, unauma na unatapika, usingoje kesho, hata kama umefunga.