Eli Whitney: Fundi wa bunduki aliyesifiwa kwa kazi ambayo hakuikamilisha

MNAMO Januari 1801, Eli Whitney aliwasili Washington kujitetea mbele ya wakuu wa serikali ya Marekani. Alikuwa ameahidi kutengeneza bunduki 10,000 katika muda wa miaka miwili. Muda huo ulikuwa umekwisha, na jeshi lilikuwa bado halijapokea hata moja.

Mbele ya Rais John Adams na Thomas Jefferson, aliyekuwa akijiandaa kuingia madarakani, Whitney alionyesha mitambo kadhaa ya kufyatulia. Alieleza kwamba vipande vyake vinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kuokota chochote na kukipachika katika bunduki yoyote. Wakuu hao waliridhika. Aliongezewa muda na fedha, na baadaye vitabu vya shule vya Marekani vikamwita baba wa viwanda vya kisasa.

Ukweli wa mambo ulifichuka zaidi ya miaka 150 baadaye.

Whitney alizaliwa Desemba 8, 1765, Westborough katika jimbo la Massachusetts. Babake alikuwa mkulima mwenye karakana ndogo nyumbani, na humo ndimo kijana huyo alimojifunza kushika tupa, jiliwa na kerezo. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alijiundia fidla. Vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilipofanya misumari iadimike, aligeuza karakana hiyo kuwa kiwanda kidogo cha misumari na kupata faida nzuri. Vita vilipomalizika na bei kushuka, aliacha misumari na kuanza kutengeneza pini za kofia za wanawake.

Alichelewa kusoma, kwani babake alisita kugharamia masomo ya juu. Alihitimu katika chuo cha Yale mwaka wa 1792, akiwa na umri wa miaka 26, kisha akasafiri kusini kutafuta kazi ya ualimu. Badala ya darasa, alijikuta katika shamba la Mulberry Grove, Georgia, lililomilikiwa na Catherine Greene, mjane wa Jenerali Nathanael Greene.

Wazee waliolima pamba Nyanza, Busia au Lamu wanajua taabu ya kutenganisha nyuzi na mbegu. Pamba iliyostawi bara huko Georgia ilikuwa na mbegu zilizong’ang’ania nyuzi, na mtumwa mmoja angeweza kutumia siku nzima kusafisha ratili moja tu. Mwaka wa 1793 Whitney aliunda mashine yenye meno ya waya yaliyozivuta nyuzi kupitia matundu membamba huku mbegu zikibaki nyuma. Alipata hataza Machi 14, 1794.

Mashine hiyo haikumletea utajiri. Ilikuwa rahisi mno kuiga, na kila mhunzi wa kusini aliunda yake. Whitney na mshirika wake, Phineas Miller, walidai sehemu kubwa ya pamba ya wakulima kama malipo ya kuisafisha, tamaa iliyowapandisha wenye mashamba hasira. Karakana yao mjini New Haven iliteketea kwa moto mwaka wa 1795, na kesi zikafuatana mahakamani kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mwingine. South Carolina ilikubali kuwalipa dola 50,000 mwaka wa 1802, ila nyingi ya pesa hizo zilimezwa na gharama za kesi. Miller alifariki mwaka uliofuata.

Waliolipia mashine hiyo kwa jasho na damu ni Waafrika waliokuwa utumwani. Pamba ilipogeuka kuwa dhahabu ya kusini, mahitaji ya watumwa yalipanda. Hesabu ya watu ya 1790 ilionyesha watumwa wapatao 700,000 nchini humo. Kufikia 1850 walikuwa zaidi ya milioni 3.2. Familia ziligawanywa mnadani na watu kupelekwa kwenye mashamba mapya ya magharibi. Whitney mwenyewe, mwana wa kaskazini, hakuwa na shamba la pamba.

Kufikia 1798 alikuwa na madeni hadi shingoni. Wakati huo Marekani ilihofia vita na Ufaransa, na serikali ilitafuta bunduki kila mahali. Whitney, ambaye hakuwahi kutengeneza bunduki hata moja, alitia saini mkataba wa dola 134,000 mnamo Juni mwaka huo. Alipewa dola 5,000 za kuanzia, na hapana shaka fedha hizo ndizo zilizomwokoa asifilisike.

Bunduki za wakati huo zilikuwa za gumegume. Fundi mmoja alifua, akakereza na kusugua kila kipande kwa tupa hadi kikubaliane na kingine. Springi ya bunduki moja haikuingia katika bunduki ya pili. Ikivunjika vitani, askari alibaki na gongo mkononi hadi fundi apatikane.

Whitney alipendekeza njia tofauti. Badala ya kutegemea jicho na mkono wa fundi bingwa, ustadi ungehamishiwa ndani ya vifaa. Kipande cha chuma kingebanwa ndani ya kishikizo kisichokiruhusu kusogea. Kiolezo cha chuma kigumu kingeiongoza tupa isikate kupita kiasi. Nacho kibao chenye matundu kingeonyesha keekee mahali pa kutoboa. Hivyo hata kijana aliyetoka shambani jana angeweza kutoa kazi iliyo sawa na ya mwenzake.

Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Nchini Ufaransa, fundi Honoré Blanc alikuwa amelitekeleza, na Jefferson, akiwa balozi huko mwaka wa 1785, aliunganisha kwa mikono yake mwenyewe mitambo ya Blanc kutoka kwa vipande vilivyochanganywa. Pengine ndiyo sababu hakuhitaji kushawishiwa sana mwaka wa 1801.

Kando ya Mto Mill, karibu na New Haven, Whitney alijenga kiwanda kilichoendeshwa kwa nguvu za maji pamoja na nyumba za wafanyakazi. Lakini kuchagua na kuunda vifaa hivyo kulimla muda kuliko alivyokisia. Bunduki 500 za kwanza alizikabidhi Septemba 1801, na za mwisho mwaka wa 1809, zaidi ya miaka minane baada ya muda aliopewa. Hata hivyo serikali ilimwamini tena mwaka wa 1812 na kumwagiza bunduki 15,000.

Katika miaka ya 1960 wanahistoria Robert Woodbury na Edwin Battison waliichunguza upya sifa yake. Battison alizifungua bunduki za Whitney na kukuta vipande visivyobadilishana, vingine vikiwa na alama za kuonyesha ni vya bunduki ipi. Alama hizo zisingehitajika kama madai yake yangekuwa kweli. Inaelekea kwamba mitambo iliyoonyeshwa Washington ilikuwa imeandaliwa kwa uangalifu kwa ajili ya siku ile.

Kazi yenyewe ilikamilishwa na wengine wasiojulikana sana. John Hall, katika karakana ya serikali ya Harpers Ferry, alitumia vipimo 63 kukagua vipande vya bunduki yake. Wakaguzi wa jeshi walipozifungua bunduki zake 100 mwaka wa 1826 na kuvichanganya vipande, zote ziliunganishwa tena bila taabu. Simeon North wa Connecticut naye alifika huko kwa njia yake. Hawa wawili hawakuwa na kipaji cha kujieleza mbele ya marais.

Whitney alioa akiwa amechelewa, mwaka wa 1817, akimchukua Henrietta Edwards, na wakajaliwa watoto wanne. Miaka yake ya mwisho iliandamwa na maumivu makali ya saratani ya tezi ya kiume. Alisoma vitabu vya matibabu, akawahoji madaktari, kisha akajiundia mwenyewe mirija laini ya kupunguza mateso hayo. Alifariki Januari 8, 1825, akiwa na umri wa miaka 59, na kuzikwa katika makaburi ya Grove Street, New Haven. Mwanawe, aliyepewa jina lake, alichukua usukani wa kiwanda mwaka wa 1842.